Mtandao Ukikatika Nyumbani, Tusianze kwa Kutuhumiana

Katika nyumba zetu za leo kumeingia chombo kidogo chenye taa chache na antena moja au mbili, nacho kimekuwa mfano wa mtungi wa maji: kila mtu huchota, na siku kikikauka kila mtu hulalama. Chombo hicho ni ruta. Kazi yake ni kupokea intaneti inayofika kwa waya au kutoka mnara wa simu, na kuitawanya hewani ili simu na kompyuta za nyumbani ziipate bila waya. Aghalabu ugomvi unaozuka mtandao unapokatikakatika huwa mkubwa kuliko chombo chenyewe. Hayo niliyaona kwa dada yangu mkubwa, hapa Buyenzi, nami nayaeleza kwa ridhaa yake, kwani huenda yakawafaa wengi.

Dada yangu ni fundi cherehani. Baadhi ya wateja wake wako ng'ambo. Huwaonyesha vitambaa na mishono kwa simu ya picha, na pato hilo ndilo linalolipa kodi ya nyumba. Kwa miezi kadhaa mtandao wake ulikuwa ukikatika kila jioni, mazungumzo yakiwa katikati. Mteja mmoja alichoka, akaipeleka kazi yake kwingine. Katika nyumba hiyo anaishi kijana wa miaka 16, mtoto wa marehemu kaka yetu, aliyeletwa kutoka Rumonge ili asome. Dada alishika kuwa kijana huyo ndiye anayewagawia rafiki zake neno la siri, nao wanautumia mtandao wake wakiwa barazani. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, na tayari alikwisha kufunga mizigo ya mtoto ili arudishwe Rumonge kabla ya muhula kwisha. Tena, kwa kuilinda ruta, aliitia ndani ya kabati la chuma, akalipiga kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Toka siku hiyo mtandao ukawa unakatika hata mchana.

Kwa kuwa nimefanya kazi ya mitambo ya simu kwa miaka mingi, nilimwomba anipe siku tatu, na katika siku hizo asimhukumu mtu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kununua daftari. Kila mtandao ulipokatika tuliandika saa, nani yumo nyumbani, na dalili iliyoonekana. Dalili ndiyo inayomwonyesha mtu njia. Alama ya waifai ikibaki kwenye simu ilhali hakuna kinachofunguka, aghalabu kasoro iko nje, kwenye njia inayoleta intaneti, na hapo yapasa kampuni iarifiwe. Lakini alama yenyewe ikipotea na kurudi, kasoro iko baina ya ruta na simu. Ili kuhakikisha, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya: ikiwa ya waya inaendelea salama wakati simu zinakatika, hapana haja ya kuilaumu kampuni. Kwa dada, alama ilikuwa ikipotea, na kompyuta ya waya haikukatika hata mara moja.

Daftari lilitufunulia mambo mawili. Makatizo mengi yalikuwa kati ya saa 1 na saa 3 za usiku, na katika usiku mbili kati ya hizo tatu kijana alikuwa kwenye masomo ya jioni. Hata hivyo dada alisema kuwa rafiki zake waweza kuwapo bila yeye kuwapo. Ni hoja ya haki, nasi tuliipima. Ruta nyingi zina ukurasa wa ndani, ambao anwani yake kwa kawaida huandikwa chini ya chombo pamoja na neno la kuingilia. Ukurasa huo huonyesha vyombo vyote vilivyounganishwa. Jioni ya tatu, mtandao ulipokuwa ukisumbua, tulikuta vyombo vinne tu, na vyote vilikuwa vya humo ndani. Dada alivihesabu mara mbili, kisha akanyamaza.

Baada ya hapo tulilifungua kabati. Mawimbi ya redio hayapenyi bati la chuma. Yale machache yaliyotoka yalipitia mianya ya mlango. Isitoshe, chombo kilichofungiwa bila hewa hupata joto, na joto likizidi huweza kukifanya kijizime na kujiwasha. Tuliiweka ruta juu ya rafu katikati ya nyumba, mbali na friji na kioo kikubwa. Mchana mtandao ukatulia, lakini jioni shida ikabaki.

Sababu ya jioni ilikuwa ujirani. Ruta nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Eneo hilo la mawimbi lilitengwa kwa mitambo ya viwandani na mfano wake katika mkutano wa mataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu mawasiliano yasiyohitaji leseni humo, na kanuni ya kwanza ya waifai ikatolewa mwaka 1997. Kwa hiyo ni uwanja wa watu wote: ruta za majirani, tanuri za maikrowevu na vipokea sauti visivyo na waya vyote hukutana hapo. Uwanja huo umegawanywa katika chaneli, ila chaneli zilizo jirani huingiliana. Zisizoingiliana ni tatu, yaani 1, 6 na 11. Tulipopima kwa programu ya simu tuliona mitandao tisa ya jirani, na sita kati yake ilikuwa kwenye chaneli 6, pamoja na yetu. Watu wakisharudi makazini, ilikuwa kama kunong'ona sokoni. Tuliihamishia ruta kwenye chaneli 11. Simu ya kazi, inayotumiwa karibu na ruta, tuliiunganisha kwa gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi, ingawa mawimbi yake hayafiki mbali wala hayapenyi kuta vizuri.

Msomaji mwenye shida kama hiyo asisahau pia kuitazama adapta. Taa zote zikizimika na kuwaka tena zenyewe, huenda umeme unaoifikia ruta hautoshi. Volti za adapta mpya ziwe zilezile zilizoandikwa kwenye ruta, na ampea zisipungue. Wala asikimbilie kuchoma kitundu cha kufuta mipango yote, kwani hufuta pia mipango ya kampuni, na pengine mtandao usirudi hadi aje fundi.

Wiki nzima ilipita bila mazungumzo ya dada kukatika. Jioni moja alimwita kijana mbele yangu, akamwambia, "Mwanangu, nilikuonea. Unisamehe." Kijana alijibu, "Yamekwisha, shangazi," kisha akaenda kuzitoa nguo zake katika begi. Yule mteja aliyeondoka hakurudi. Lakini mtoto anaendelea na masomo, na daftari sasa analishika yeye.

Ndugu wasomaji, chombo hakina ulimi wa kujieleza, na aliye mdogo nyumbani, hasa yatima, mara nyingi ulimi wake hausikizwi. Hapana budi basi tupime kwanza, ndipo tuseme. Daftari na kalamu havina bei kubwa, na ruta ikiharibika hununuliwa nyingine. Mtoto akishaona kuwa nyumba aliyokimbilia haimwamini, hakuna duka liuzalo imani hiyo.