Mahali pa Kitanda

Mtu wa makamo akikiri mbele ya wasomi kwamba kila Jumamosi usiku hucheza mchezo wa watoto, hana budi kutoa sababu. Sababu yangu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Anaishi na bibi yake, yaani mama yangu mzazi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tarime, si mbali na Nyamwaga; mimi naishi Dar es Salaam, mwendo wa mchana na usiku kwa basi. Baba yake alipofariki dunia mtoto huyu alikuwa na umri wa miaka tisa. Nilikuwa nikimpigia simu, naye huniamkia, husema kwamba hajambo, kisha hunyamaza. Mimi pia hunyamaza. Tulikuwa kama watu wawili waliosimama ng'ambo mbili za mto Mara wakati wa masika, kila mmoja akimwona mwenzake na hakuna mwenye mtumbwi. Mwisho nilimpelekea simu yangu ya zamani, na baada ya majuma machache yeye ndiye aliyeniita mimi. "Baba mdogo," alisema, "njoo tucheze."

Mchezo wenyewe waitwa Minecraft. Mtungaji wake ni Mswidi, Markus Persson. Ulianza kuonekana mwaka 2009, ukatolewa kamili Novemba 2011, na ilipofika mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Ni wa jamii ya michezo isiyo na mshindi wala mshinde. Mchezaji hutiwa katika dunia tupu, mfano wa mtoto aliyeketishwa juu ya rundo la mchanga, akaachiwa atende apendalo. Ardhi, miti, maji, hata mawingu, vyote vimekatwa kwa pembe nne kama matofali. Siku nzima, mchana na usiku wake, haizidi dakika 20, na giza likiingia mazimwi hutoka. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mgeni hutafuta, kabla ya dhahabu na kabla ya upanga, ni mahali pa kulala. Mbao tatu na sufu ya kondoo hutosha kufanya kitanda.

Naomba msomaji anivumilie juu ya kitanda hiki, maana habari yote imo ndani yake. Katika dunia ile mchezaji akifa hafi kabisa. Huamka tena, na huamka penye kitanda alichokilalia mara ya mwisho. Alivyokuwa amechukua hubaki pale alipoangukia, na asipoviwahi kwa muda wa dakika tano hutoweka. Hivyo kuchagua mahali pa kitanda ni kuchagua mahali pa kurudishiwa uhai. Wachezaji wazoefu hushauri mtu atazame maji, mawe ya kuchimba, uwazi wa kuona adui anapokuja. Niliposikia mashauri hayo nilicheka, kwa kuwa nilikwisha kuyasikia kwa babu yangu, ambaye hakupata kuona kompyuta: alisema mji haujengwi bondeni penye ukungu wala kileleni penye upepo, bali begani mwa kilima, ng'ombe wakiwa mbele ya macho.

Mimi nilichagua katika mchezo kama nilivyochagua maishani. Nilitembea siku nyingi za mle, nikavuka misitu miwili na jangwa, mpaka nikafika pwani. Hapo nikajenga nyumba ya mawe na vioo iliyotazama bahari, nikatia kitanda changu ghorofani. Mtoto hakwenda popote. Alikaa palepale tulipotokea siku ya kwanza, akalima ngano, akazungushia ua ng'ombe wanane. Mkurya, hata akiwa katika dunia ya kubuniwa, huanza na zizi.

Siku moja nilipotea, nikamwuliza kama dira yaweza kunionyesha kwangu. Alinicheka. Dira ya mchezo ule haina habari na kaskazini, wala haina habari na kitanda cha mtu. Huelekea mahali pamoja tu, pale ambapo dunia huwapokea wachezaji wake mara ya kwanza. Mtu aweza kujenga kasri miliki yake mwisho wa bahari, akalala humo miaka, na sindano itaendelea kuelekea kilima kile cha awali.

"Sasa wewe kitanda chako kiko wapi, baba mdogo?" aliniuliza.

"Pwani," nikajibu.

"Ndiyo, lakini wewe mwenyewe?"

Sikumjibu. Wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kuniuliza swali hilohilo siku ya tatu baada ya mazishi ya kaka, kwa maneno marefu zaidi.

Ili tutembeleane bila kupoteza majuma, mtoto alinifundisha njia ya dunia ya pili. Ipo chini ya hii ya kwanza, yaitwa Nether, na mlango wake ni fremu ya jiwe jeusi iliyowashwa moto. Ukipiga hatua moja humo ni kama umepiga hatua nane juu. Watu huingia kwao, hukata kipande kifupi cha njia, na hutokea mbali sana. Lakini ni nchi ya moto. Maji ukiyamwaga hukauka papo hapo, sindano ya dira huzunguka kama mlevi, na mtu akithubutu kulala kitandani humo kitanda hulipuka na kumwua. (Tangu mwaka 2020 watungaji waliongeza jiwe la pekee limwezeshalo mtu kuamkia humo, ila sharti alilishe nuru mara kwa mara, likiisha, basi.) Amri hii ya kitanda ilinifikirisha kuliko mahubiri mengi. Wapo watu wa kwetu waliofika Dar es Salaam miaka ya themanini, wakazaa na kuoza watoto huko, na hata leo husema kwamba wapo njiani tu. Hawakununua kiwanja, waliogopa kitanda kitalipuka.

Sheria moja ya mchezo, hata hivyo, nilibishana nayo kwa muda mrefu. Haukubali vitanda viwili. Ukilala mahali papya, pa zamani pamesahauliwa. Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana juu ya mstari kutoka mlango wa mto Umba, pwani, hadi ziwa la Viktoria, penye latitudo ya nyuzi 1 kusini. Wakaupinda kidogo kuuzunguka Kilimanjaro, kwingine wakauacha umenyooka kama ukuta wa mchezo. Mstari huo uliwakata Wakurya vipande viwili. Walakini nenda leo Sirari, kisha uvuke mpaka uingie Isebania, utawakuta watu wenye shamba huku na shemeji kule, wanaozikana, wanaochangiana mahari, wanaohesabu fedha za nchi mbili kwa mkono mmoja. Mzee mmoja wa hapo aliniambia ana mlango huku na mlango kule, na kwamba asipoonekana upande mmoja kwa juma zima watu huanza kumtafuta. Nadhani hilo la kutafutwa ndilo ambalo watungaji wa mchezo hawakuliweka katika hesabu.

Nakuja sasa katika siku ya ugomvi wetu. Nilikuwa peke yangu katika dunia ya moto, nimebeba mali ya miezi miwili, nikateleza nikaanguka katika ziwa la uji wa mawe. Sikuhuzunika sana, nilijua nitaamka ghorofani kwangu nikisikiliza bahari. Badala yake nilisomewa tangazo kwamba kitanda changu hakipo au kimezuiwa, na nilipofumbua macho nilikuwa juu ya kilima cha awali, mikono mitupu, ng'ombe wanane wakinitazama. Mbele yangu palikuwa na nyumba ya mbao ambayo sikupata kuiona. Ndani yake mlikuwa na kitanda changu chekundu.

Nilimpigia simu usiku uleule. Hakukana. "Nilikivunja mimi nikakileta," alisema. "Ulikuwa hujalala kule siku nyingi. Nikaona ukifa utapotea."

Nilimkaripia. Nilimwambia kwamba mtu hahamishwi bila kuulizwa, hata kwa mapenzi, na nilisema kwa ukali uliozidi kosa. Alinyamaza ule unyamavu wa zamani. Mama, aliyekuwa karibu naye, aliichukua simu akaniuliza kilichotokea. Ilinilazimu kumweleza mama yangu, mjane aliyemzika mwanawe, habari za kitanda kisichokuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwetu walikuja na lori."

Mama ni mzaliwa wa wilaya ya Serengeti, upande wa Ikoma. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Nilipokuwa mwanafunzi alinipeleka mara moja kuliona hame la baba yake. Hapakuwa na nyumba, ila mkonge uliokuwa ua wa ng'ombe ulikuwa ungali umesimama kwa mduara, umenenepa kwa kukosa wa kuukata. Katikati ya majani mama alipapasa kwa mguu mpaka akaligonga jiwe la kusagia, akaliketia. Hatukuzungumza. Mbali kidogo nyumbu walikuwa wakipita kuelekea kaskazini, nao ni wasafiri wasiojenga popote, ingawa hata hao, mvua zikinyesha, hurudi kuzaa katika nyanda zilezile za kusini. Babu, aliniambia baadaye, alihamia kijijini kama alivyoagizwa, akapewa kiwanja kilichonyooka katika mstari wa viwanja vilivyonyooka, na shule ikawa karibu, na zahanati, mambo ambayo mama hakuyadharau. Yeye mwenyewe alijua kusoma kwa ajili ya shule ile. Lakini mpaka kufa kwake mzee huyo alilala kichwa kikielekea hame.

Maneno ya mama juu ya lori niliyachukua kuwa anakubaliana nami, kwamba mtoto amekosa. Nikamwambia hivyo. "Sikusema hivyo," alijibu. "Wale wa lori hawakutujengea nyumba kwanza, wala hawakukaa hapo kutungoja. Huyu amekujengea, na kila jioni huniambia baba mdogo bado hajafa." Akacheka kidogo, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Kisha akasema simu inakula fedha, tulale.

Sikulala. Nilikuwa na hoja za kutosha upande wangu, na mpaka leo ninazo: kwamba kazi yangu iko mjini, kwamba mji wa marehemu kaka hauwezi kulindwa na mtu wa vitabu, kwamba mtoto angefaa aje kusoma kwangu. Nimezisema mbele ya wazee, nao hawakuzipinga hata moja. Waliuliza tu ni nani atakayewasha moto pale. Tena naona tofauti kati ya kuitwa na kuburutwa si pana kama nilivyodhani usiku ule nilipokuwa nikikaripia. Mara nyingine hujulikana baadaye, kwa kutazama kama aliyekuhamisha yupo bado pale alipokuweka.

Jumamosi iliyofuata niliingia mchezoni nikamkuta akipanda miche ya mialoni. Nilimwomba radhi. Sikukirudisha kitanda pwani; nilichonga kingine nikakipeleka, nikijua kwamba siwezi kulala katika vyote viwili na vyote vikanikumbuka. Yeye aliona upuuzi huo akaniacha.

Desemba nilikwenda Tarime. Nyuma ya nyumba ya kaka, begani mwa kilima, nilikuta vigingi vinne vya mti vimechomekwa na kamba ya katani imezungushwa. Mtoto alikuwa amepima mwenyewe kwa hatua, na pembe zake zilikuwa sawa kabisa, kama za mle mchezoni. Alisimama ndani ya kamba akaniuliza mlango utazame upande gani, magharibi liliko ziwa au mashariki. Nikamwambia angoje kwanza, tumwulize bibi yake.