Nani Aliyeiita Kelele?

Lugha yetu haina uchoyo katika kuzitaja sauti. Bahari huvuma, radi hunguruma, mbu hulia, majani makavu huchakacha. Walakini neno "kelele" halitaji hata moja katika hizo. Ukisema "kelele" hujaeleza ni sauti gani uliyoisikia. Umeeleza tu kwamba imekuudhi. Jambo hili sikulitia maanani mpaka niliposoma habari za watu wa Ulaya na Marekani walioifanya kelele kuwa ndiyo kazi yao. (Sizungumzii hapa hukumu ya ngoma na ala, hilo lina wenyewe.)

Luigi Russolo, mchoraji wa Kitaliana, aliandika waraka mwaka 1913 kuzitetea sauti za mitambo na za miji, akaunda na masanduku yenye pembe kubwa, ya kunguruma na kuvuma. Mwaka 1948, huko Paris, mtu wa redio aitwaye Pierre Schaeffer alinasa milio ya magari moshi katika sahani za santuri, akaikatakata na kuirudiarudia mpaka msikilizaji asahau gari moshi, abaki na sauti yenyewe.

Lakini aliyenishika mimi ni Mmarekani John Cage. Bwana huyu aliingia katika chumba cha Chuo Kikuu cha Harvard kilichojengwa makusudi kisiwe na mwangwi, akitaraji kukutana na kimya. Alitoka akisema amesikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito, na kwamba ile nzito aliambiwa ni damu yake mwenyewe inayozunguka mwilini. Basi tarehe 29 Agosti 1952, huko Woodstock katika jimbo la New York, mpiga piano David Tudor alikaa mbele ya piano yake, akafunga kifuniko, wala hakupiga kitu kwa muda wa dakika 4 na sekunde 33. Kwa masimulizi ya Cage, kwanza ulisikika upepo wa nje, kisha matone ya mvua juu ya paa, kisha watu wenyewe wakinong'ona na wengine wakiondoka. Wengi walikasirika. Na mvua ile ilikuwa imemkosea nani?

Mwingine ni Max Neuhaus, mpiga ngoma aliyeyaacha majukwaa. Mwaka 1977 alificha chombo chini ya wavu wa chuma wanaoukanyaga wapita njia pale Times Square, New York, kikitoa mvumo usiokatika mithili ya mabaki ya mlio wa kengele kubwa. Hakuweka kibao. Elfu hupita wasijue, na anayesimama husikia. Mvumo ule ulinyamaza mwaka 1992, ukarudishwa mwaka 2002. Neuhaus huyo huyo aliandika gazetini mwaka 1974 kuipinga idara ya mji iliyokuwa ikiwaonya watu juu ya kelele. Hoja yake ni kwamba ukiwatisha watu kwa kila sauti ya mji, unawazalishia kelele pasipokuwapo. Mimi namkubalia nusu. Sauti kali hudhuru masikio kweli, na mgonjwa aliyekosa usingizi hatibiwi kwa hoja.

Nayasema haya kwa sababu mtaani kwetu imeandikwa barua ya kutaka fundi wa bati ahamishwe, ati nyundo yake ni kelele. Nimeletewa nitie saini, maana ukuta wangu na wake ni mmoja, na mama yangu amelala mgonjwa chumba cha ndani. Nilimwuliza mama. Akasema, "Mwanangu, akianza kugonga najua kumekucha, na akinyamaza najua adhuhuri imefika. Mimi kinachonikesha ni lile jenereta la dukani."

Nikaitazama tena ile barua. Saini ya kwanza ni ya mwenye duka. Jenereta lake halikutajwa popote, wala sidhani kuna aliyethubutu kulitaja, kwani nusu ya waliotia saini wana deni katika daftari lake.

Barua ina siku ya tatu juu ya kabati. Kesho baada ya Isha nitamrudishia bila ya saini yangu, nami nitamwomba kwanza tukae naye robo saa barazani, chini ya dirisha la mama, tusiseme kitu.