Wimbo Ulioachwa

Baba alifariki nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Niliandika alikozaliwa, shule alizosoma, miaka aliyofundisha. Niliandika pia kwamba ujanani alipiga gitaa kwenye mabaa.

Baba mkubwa akasoma, akanirudishia karatasi. "Haya ya baa yaache, mwanangu. Mchungaji atakuwepo."

Nikayaacha.

Katika vitu vya baba nilichukua kaseti moja tu: *Are You Experienced*, albamu ya kwanza ya The Jimi Hendrix Experience. Nimekua nikiisikia, ikianza na "Purple Haze". Miezi kadhaa baadaye, usiku mmoja hosteli, nikaikuta kwenye simu ikiwa na mpangilio mwingine. Wa tatu ulikuwa wimbo nisioujua: "Red House".

Ni bluzi tupu. Mstari unaimbwa, unarudiwa, kisha unajibiwa, na gitaa linasubiri zamu yake. Hakuna utepe uliochezwa kinyumenyume kama kwenye wimbo uliobeba jina la albamu.

Nikaanza kusoma. Albamu ilitoka Uingereza Mei 1967. Ilipotoka Marekani Agosti, nyimbo tatu ziliondolewa, zikawekwa tatu zilizokwisha kuvuma Uingereza. "Red House" ilikuwa miongoni mwa zilizoondolewa. Yaani Hendrix, mzaliwa wa Seattle, albamu yake ilirudi kwao bila wimbo wake wa bluzi, na bluzi yenyewe ilizaliwa hukohuko.

Nikarudia nyimbo nilizozizoea. Sasa, chini ya kelele zote za saikedeliki, nilisikia bluzi ileile: noti zinavutwa, zinalia, zinaachiwa. Ilikuwemo siku zote. Nilikuwa sijapewa wimbo wa kunionyesha.

Baba alipokuwa akisahihisha madaftari, vidole vya mkono wake wa kushoto vilibonyeza ukingo wa meza, vikihama hapa na pale. Sisi watoto tulidhani amekasirika, tukanyamaza. Kumbe alikuwa anapiga gitaa.

Watu waliojaa msibani waliondoka bila kulijua hilo, na mkono uliolifuta ni wangu.

Faili la wasifu bado limo kwenye kompyuta. Usiku ule nililifungua, nikairudisha ile sentensi mahali pake, baada ya shule, kabla ya ndoa.