Si Mbali

Baada ya arobaini tuligawana vitu vya Bibi. Havikuwa vingi: kanga, masufuria mawili, mkeka, na jembe lililolika hadi likabaki kama mwiko. Shamba halikunihusu. Kwa Waluguru ardhi hushikwa na ukoo wa mama, nami nimezaliwa na mwanawe wa kiume. Nikaomba ngata yake.

“Ngata tu, baba?” Shangazi aliuliza, akidhani naona haya kutaka sufuria.

Ni kanga kuukuu iliyosokotwa na kushonwa kwa uzi wa katani. Inanuka moshi. Upande mmoja umebonyea kuliko mwingine, kwa sababu Bibi aliinamisha kichwa kushoto kidogo kila alipofika penye utelezi. Juu yake lilikaa tenga la ndizi, viazi au magimbi, na msimu ukifika, stroberi, ambazo yeye mwenyewe sikumwona akizila hata siku moja. Alitoka juu ya Choma usiku ungali usiku, akafika sokoni Morogoro kunapambazuka, akauza kwa bei aliyoitaka mchuuzi. Angefanyaje? Tenga halirudi mlimani likiwa limejaa. Jioni alipanda na chumvi, sabuni na mafuta ya taa.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyonilisha mimi. Natembeza wageni. Zamani walikuwa Wazungu zaidi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, siku za mapumziko tunapata na watu wa Dar, wanaofika kwa muda usiotimia saa mbili wakiwa na viatu vipya. Najua pa kuwasimamisha ili mji kasoro bahari uonekane wote chini. Najua kusimulia nyumba ya Morningside, iliyojengwa enzi za Wajerumani kwenye mita zipatazo 1,300, na habari za ndege wasioonekana popote duniani ila katika milima hii ya Uluguru. Watu wa Dar nawaambia kwamba vijito hivi huingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha. Hufurahi sana, wakainama kunawa uso. Najua pia pa kutosimama. Na yeyote akiuliza kama bado kuna mwendo, namjibu: si mbali. Ndilo neno la kazi.

Akina mama wenye matenga wakitupita, wageni husifu: shingo ile, mwendo ule! Mara mbili tatu aliyetupita alikuwa Bibi. “Shikamoo, Bibi.” “Marahaba, mume wangu,” na watu wakacheka nilipowatafsiria utani wetu. Yeye hakusimama. Kulitua tenga si kazi, kazi ni kulirudisha kichwani. Pale unahitaji mtu wa kukutwika. Mtu alikuwapo, mjukuu wake, amevaa fulana yenye picha ya mlima. Sikumpokea mzigo. Nilikuwa kazini.

Safari moja mgeni aliniuliza ile miti miwili mirefu, iliyoegemezwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, ni ya nini. Ni ya machela. Gari halifiki huko. Mjamzito aliyezidiwa, mtoto mwenye degedege, mzee aliyeteguka nyonga, wote hushushwa mabegani mwa wanaume, blanketi likiwa limefungwa kwenye miti hiyo. Nilimwambia ni ya kupandishia maharage. Akaandika kwenye daftari lake.

Uongo wa namna hii una wazee wake. Ukipelekwa Mgeta utaonyeshwa matuta ya ngazi, kijani juu ya kijani, na kweli yanapendeza. Nani atakukatizia picha akwambie kwamba Waingereza walitaka Uluguru nzima ichimbe matuta kwa amri, kwamba mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakapiga risasi?

Jamaica Kincaid, mzaliwa wa Antigua, alitoa mwaka 1988 kitabu chembamba, A Small Place, kuhusu mtalii anayetua kisiwani kwao akaona jua na bahari, asijue habari ya hospitali wala ya maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la 1974 ikaachwa hivyo miaka na miaka. Anamsema mgeni, kisha anawasema watawala wa nyumbani, na hawaonei. Mimi nilikisoma nikimtafuta mtu wa kazi yangu. Nilimwona dereva wa teksi, amepita haraka. Nikashukuru, nikaona na aibu ya kushukuru.

Bibi aliugua masika. Siku ya tatu alipoacha kunitania nikaenda kuichukua miti mwenyewe. Tulikuwa sita, wawili wakipumzika, wanne begani. Udongo mwekundu ulishika viatu, tukavivua. Chini kidogo ya Morningside tukakutana na wageni wanapanda. Walitupisha vizuri, migongo ukutani mwa mlima. Mmoja aliinua simu, akasita. Kijana anayewaongoza namfahamu, mimi ndiye niliyemfundisha njia. Alinipa pole kwa macho, halafu akawageukia akawaambia kwa Kiingereza kwamba tunashusha mazao, kesho ni siku ya soko. Alisema vizuri, kwa ile sauti nyepesi niliyomfundisha. Simu ikapiga picha.

Kama wanayo, hiyo ndiyo picha ya mwisho ya Bibi, miguu yetu na blanketi la mistari. Sisi hatuna hata moja. Alikata roho kabla ya lami. Tulijua kwa uzito. Mabega yalijua kwanza, na hakuna aliyesema mpaka tulipofika penye gari.

Tulimrudisha kumzika kwao. Siku ya pili yake Shangazi alinikumbusha kwamba miti ni ya watu, isije ikahitajika usiku. Nikaiosha matope kijitoni, nikaitia begani. Katika kona ya kwanza wageni wawili, mume na mke kwa kuwatazama, walikuwa wamekaa juu ya jiwe wanahema. Mume akaniuliza kwa Kiswahili cha Dar kama kwenye maporomoko kuna mwendo mrefu.

“Si mbali,” nikamwambia, nikaendelea kupanda.