Gunia la Korosho na Sauti ya Gitaa

Barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa inapita katikati ya mikorosho. Waingereza walikuja Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili na mradi wao wa karanga, wakatandika reli mpaka Mtwara. Mradi ukafa mwaka 1951, na reli haikudumu. Leo hesabu za nyumba nyingi, tangu ada za shule mpaka bati za paa, zinasubiri mnada wa korosho wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Na vyombo vya muziki vinasubiri mnada huohuo. Kwaya au bendi ya harusi inayotaka gitaa la solo lisikike vizuri ilikuwa haina njia ila kununua amplifaya, na zile zenye valvu za kioo zilizosifiwa sana ni nzito kubeba kwenye basi, tena hazipendi barabara mbovu wala umeme wa kukatikakatika. Siku hizi kuna visanduku vya kidijitali vinavyoiga sauti za amplifaya hizo. Mpigaji anachomeka gitaa, anachagua sauti, kisha anapeleka waya moja kwa moja kwenye miksa.

Line 6 ya Marekani ilitoa POD mwaka 1998, kifaa chekundu chenye umbo la haragwe. Wajerumani wa Kemper wakaja na mashine inayonakili amplifaya halisi. Neural DSP ya Finland ikaleta Quad Cortex, na mwaka 2023 hata Fender, waliojijengea jina kwa amplifaya zenyewe, wakaingia na Tone Master Pro. Vyote hivi viwili vya mwisho vimeuzwa kwa zaidi ya dola 1,500.

Dola 1 ikihesabiwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 3,750,000 kabla ya usafiri na ushuru. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapelekwa kuzisomba. Kwa bei ile, kisanduku kimoja ni zaidi ya tani moja, karibu magunia 14 ya kilo 80. Kwaya gani itatoa magunia 14 kwa ajili ya mpiga solo mmoja, na mama wa sauti ya kwanza hana hata kipaza sauti?

Kilichobadilisha mambo ni Wachina. Mooer, NUX, Valeton na Sonicake wanatengeneza visanduku vidogo, vingine chini ya dola 100, yaani shilingi 250,000 au chini yake: gunia moja tu, tena halijajaa. Juu ya hapo Mmarekani Steven Atkinson ametoa bure programu ya Neural Amp Modeler, na sauti zilizotengenezwa nayo zinaweza kupakiwa katika baadhi ya visanduku hivyo vya bei rahisi. Wakubwa nao wamelazimika kutoa vidogo: Neural DSP walileta Nano Cortex mwaka 2024 kwa dola 549.

Tofauti ya sauti ipo, lakini kwenye harusi ya Ruangwa, nje, spika zikiwa zimechoka na watoto wakipiga kelele, anayeisikia ni mpigaji mwenyewe.

Penye ugumu ni bei. Bei ya korosho hutangazwa mnadani na mkulima yeyote anaisikia. Bei ya kisanduku anaijua muuza duka wa Kariakoo, na anayeagiza kwa simu kutoka Nachingwea hulipa anachoambiwa, pamoja na nauli ya mzigo. Ndiyo maana inafaa kuuliza maduka matatu kabla ya kutuma fedha, na kuuliza pia kama adapta imo ndani ya boksi. Vingi vinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, ilhali adapta nyingi za mtaani zina chanya katikati, na ya kuazima inaweza kukiunguza kisanduku siku ya kwanza.