Aliyekaa Kwenye Kigoda

Agosti 1975 magazeti ya muziki ya London yalipoandika kwamba Peter Gabriel anaihama Genesis, wengi pale bwenini kwetu waliisomea bendi hitima siku hiyohiyo. Hawakuwa wajinga. Gabriel ndiye aliyekuwa sura yake: kichwa cha mbweha juu ya gauni jekundu, petali za ua zilizomzunguka uso, kinyago cha kizee. Januari 1974, ukumbi wa Drury Lane, nilimwona akininginizwa hewani kwa waya mwishoni mwa "Supper's Ready", wimbo wa dakika 23. Sisi tuliotoka Tanganyika tulikuwa na mfano wetu. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, aliondoka na sauti na gitaa la solo kwa mkupuo mmoja. Ni bendi gani ingesimama vilevile baada ya hapo?

Februari 1976 ikatoka *A Trick of the Tail*. Waimbaji wengi walikuwa wamejaribiwa, hakuna aliyewakolea, na mwishowe akaimba mpiga ngoma wao, Phil Collins. Ukiisikia redioni bila kuambiwa, ungeapa ni Gabriel yuleyule. Collins alikuwa akimwitikia tangu 1970, na koo zao zilikwisha kuzoeana. Kilichobadilika ni nafasi. Katika *The Lamb Lies Down on Broadway*, santuri mbili nzima, Gabriel alijaza maneno hadi ala zikakosa pa kupumulia. Sasa vinanda vya Tony Banks vilitandaa, na "Squonk" ikatembea kwa ngoma nzito ambazo hapo kabla zingefunikwa na hadithi. Hadithi zenyewe zilipungua makali, hilo sikatai. Hapakuwa tena na yule mtu wa kutisha kidogo katikati ya wimbo.

Juni mwaka huo nikawaona Hammersmith Odeon. Bill Bruford, aliyewahi kupigia Yes na King Crimson, alikuwa amekalia ngoma ili Collins asimame mbele. Maleba hakuna, utani mwingi. Wakapiga "Firth of Fifth". Kwenye santuri ya 1973 wimbo ule una sehemu ya filimbi, na mpigaji wake alikuwa Gabriel. Banks akaibeba kwa kinanda, na wimbo haukutetereka. Kisha gitaa likaichukua tuni ileile, likaipunguza mwendo, likazivuta noti ndefu kupita kiasi, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Mpiga gitaa huyo ni Steve Hackett. Tangu alipojiunga mwaka 1971 alikuwa akipiga amekaa kwenye kigoda, ndevu na miwani, kichwa kimeinamia nyuzi. Picha nyingi za magazeti zilimwacha pembeni. Mara nyingi hukuweza kujua kama unachosikia ni gitaa lake au kinanda cha Banks, na nafikiri siri ya sauti ya Genesis ilikuwa humo, katika ule mpaka usioonekana. Naye alikuwa na manung'uniko: nyimbo zake zilipewa nafasi finyu. "Please Don't Touch", ambao bendi haikuutumia, baadaye ulikuja kuwa jina la albamu yake mwenyewe. Akaondoka mwaka 1977, wakati *Seconds Out* ikiwa bado inachanganywa studio. Safari hii bwenini hakulia mtu.

Mwaka 1978 ikaja *...And Then There Were Three...*, na hapo ndipo niliposikia bendi nyingine. Mpiga besi wao, Mike Rutherford, sasa alishika na gitaa pia. Nyimbo 11, nyingi fupi, na palipokuwa na gitaa la kuvutwa pakamwagwa kinanda kama uji. "Follow You Follow Me" ukafika nafasi ya 7 Uingereza, na akina dada waliokuwa wakitukimbia tukiweka santuri zetu sasa wakaja kuuazima. Knebworth, Juni mwaka huo, sehemu za Hackett alizipiga Mmarekani Daryl Stuermer, fundi wa vidole kuliko wengi. Noti zote zilikuwepo. Alizimaliza upesi tu.

Oktoba 1982, mvua ikinyesha Milton Keynes, Gabriel alirudi kwa usiku mmoja ili kusaidia kulipa madeni ya WOMAD, tamasha lake lililokuwa limewaleta wapiga ngoma wa Burundi miezi michache kabla. (Lebo yake ya Real World ndiyo iliyokuja kumtoa Remmy Ongala, kwa hiyo deni lile halikuwa la bure kwetu.) Aliingia jukwaani ndani ya jeneza, watu wakapagawa. Hackett aliitwa mwishoni kabisa, kwenye nyimbo za nyongeza.

Mwaka 2013 nilikwenda kumsikia Hackett Royal Albert Hall akizipiga nyimbo zile na bendi yake. Mwimbaji alikuwa Nad Sylvan, ambaye hakuwahi kuwa Genesis hata siku moja. Rafiki yangu mmoja, miongoni mwa waliosoma hitima ile ya 1975, aliniinamia katikati ya "Firth of Fifth" akasema, "Bwana, hii ndiyo Genesis." Nikamwomba anihesabie ni wangapi kati ya wale watano wa enzi za Gabriel walioko jukwaani.