Sajili ya Saratani: Siri ya Mgonjwa na Haki ya Umma

Kila ifikapo mwezi Oktoba, viongozi wetu huvaa utepe wa waridi, hupanda jukwaani na kututajia idadi. Kwa mwaka 2020, tuliambiwa kwamba Wakenya zaidi ya 42,000 walipatwa na saratani na zaidi ya 27,000 walifariki kwa maradhi hayo. Idadi hizo hutamkwa kwa uhakika wa mtu aliyewahesabu ng'ombe wake wakirudi zizini. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahesabu watu hao. Ni makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, yaliyojengwa juu ya sajili za maeneo machache, hasa Nairobi na Eldoret, kisha yakapanuliwa kitaalamu hadi yakaifunika nchi nzima. Wataalamu wa shirika hilo husema waziwazi kwamba hayo ni makadirio. Sisi ndio tunaoyageuza kuwa hesabu.

Silisemi hili kwa nia ya kuwabeza wataalamu, kwani makadirio mazuri ni bora kuliko giza. Nalisema kwa sababu nyuma ya idadi hizo kuna maswali mawili ya kisiasa ambayo hatuyaulizi. La kwanza ni nani anayestahili kuhesabiwa, na kwa gharama ya nani. La pili ni nani anayestahili kuisoma hesabu hiyo ikishapatikana.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Sajili ya saratani si orodha ya wagonjwa wa hospitali moja. Ni jaribio la kumwandika kila mkaazi wa eneo fulani aliyepatikana na saratani, awe alitibiwa hospitali ya rufaa, zahanati ya misheni au hospitali ya kibinafsi ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Karani wa sajili huzunguka na kuyapekua madaftari ya maabara ya patholojia, mafaili ya wodi na vyeti vya vifo. Kila ugonjwa hupewa misimbo ya kimataifa, mmoja wa kiungo na mwingine wa aina ya seli: C50 ni titi, C53 ni shingo ya kizazi, C15 ni umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Kisha huja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuhakikisha kwamba mtu mmoja hahesabiwi mara tatu. Mama aliyeandikishwa kwa jina la ubatizo katika hospitali ya kwanza, kwa jina la ukoo katika ya pili, na kwa jina la mumewe katika ya tatu ni mtu yule yule. Asipotambuliwa, saratani itakuwa imeongezeka kwenye karatasi bila kuongezeka vijijini.

Hii ndiyo sababu sajili haiwezi kufanya kazi bila majina. Watu wengi hudhani kwamba takwimu hazina majina. Ni kweli kwamba jedwali la mwisho halina, lakini chini yake pana daftari lenye jina, umri, kijiji na ugonjwa wa kila mmoja. Karani mmoja wa sajili aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mimi simjui mgonjwa hata mmoja kwa sura, lakini nayajua majina yao yote. Nikienda sokoni na kusikia mtu akiitwa, nageuka kumtazama." Mzigo huo anaubeba kwa mshahara wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unaolipwa na mradi wa wafadhili.

Wako pia wasioingia katika daftari hilo kabisa. Shangazi yangu alifia nyumbani Bomet. Alianza kwa kushindwa kumeza ugali, akahamia kwenye uji, mwisho hata maziwa yakamshinda. Kila mtu mtaani aliujua ugonjwa ule, kwa sababu haukuwa wa kwanza. Hospitali ya Tenwek, iliyo katika kaunti hiyo, imewatibu wagonjwa wa saratani ya umio kwa miaka mingi, na imeandika juu ya wagonjwa walio chini ya umri wa miaka 30, jambo ambalo ni nadra sana kwingineko duniani. Lakini shangazi hakufika huko. Hakuna kinyama kilichokatwa kikapelekwa maabara. Naibu chifu alitoa kibali cha mazishi, na mahali pa sababu ya kifo pakaandikwa maradhi ya tumbo. Kwa dola, shangazi yangu hakuugua saratani. Na kwa kuwa bajeti hugawanywa kwa kufuata takwimu, kifo chake hakikuongeza hata kitanda kimoja katika kaunti aliyozikwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walimkusudia mtu binafsi. Methali hiyo yaihusu pia serikali isiyoandika maradhi ya raia wake.

Inafaa tujifunze kwa waliotutangulia, na wengine wao ni majirani zetu. Nchini Marekani, jimbo la Connecticut lina takwimu za saratani za jimbo zima zinazoanzia mwaka 1935. Majimbo mengine yalichelewa mno. Hadi kufikia mwaka 1992, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuyapa majimbo fedha za kuanzisha au kuboresha sajili, yalikuwapo majimbo yasiyo na sajili kabisa. Tuzingatie jambo moja hapo: sajili ilisimama juu ya sheria inayowalazimisha madaktari na hospitali kutoa taarifa, na juu ya fungu la fedha za umma. Haikusimama juu ya hisani.

Hapa kwetu, Sajili ya Saratani ya Kampala ilianza mwaka 1954, nayo ni miongoni mwa sajili kongwe barani Afrika. Ilikuwa Uganda ambako Denis Burkitt, daktari mpasuaji, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili kupitia nchi nyingi hadi kusini mwa Afrika ili kuchora ramani ya ugonjwa huo. Sajili ya Kampala ilidhoofika katika miaka ya machafuko, ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilipofufuliwa, iliwakuta Waganda katikati ya janga la Ukimwi, na saratani ya Kaposi imepanda hadi kuwa miongoni mwa saratani zinazoongoza. Daktari yeyote wa wodini angeweza kuhisi ongezeko hilo. Waliokuwa na daftari la miaka ya 1950 waliweza kulipima.

Sasa nije kwenye swali la pili, ambalo ndilo linalonikosesha usingizi. Hesabu ikishapatikana, ni ya nani?

Mwaka 1997, gazeti la The Southern Illinoisan katika jimbo la Illinois liliiomba Idara ya Afya ya jimbo takwimu kutoka sajili ya saratani kuhusu nyuroblastoma, saratani adimu ya watoto. Halikuomba majina. Liliomba aina ya saratani, tarehe ya kugunduliwa na eneo la posta la mgonjwa. Idara ilikataa, na kesi ikaenda mahakamani. Idara ilimleta Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta ambaye tayari alikuwa amejulikana kwa kuonyesha jinsi rekodi za hospitali zisizo na majina zinavyoweza kurudishiwa majina kwa kulinganishwa na daftari la wapigakura. Kwa vipengele hivyo vitatu tu, Sweeney aliweza kuwatambua wengi wa watoto wale. Hata hivyo, mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Illinois iliamua kwamba gazeti lipewe takwimu. Hoja yake ilikuwa kwamba alichokifanya Sweeney kilihitaji ujuzi usio wa kawaida, na kwamba mwananchi wa kawaida asingeweza kukifanya.

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu kesi hii, na kila mwaka darasa hugawanyika. Wapo wanaosema mahakama ilifanya haki, kwa kuwa wazazi wana haki ya kujua kama watoto wa eneo lao wanaugua kupita kiasi, na idara ya serikali inayojificha nyuma ya faragha inaweza kuwa inaficha uzembe. Wapo wanaosema kwamba ujuzi uliokuwa adimu mwaka 2006 leo uko mkononi mwa kijana yeyote mwenye simu na subira. Mimi huwaambia kwamba pande zote mbili zimo ndani ya Katiba yetu ya mwaka 2010: ibara ya 31 inalinda faragha, na ibara ya 35 inatoa haki ya kupata habari. Aliyeziandika ibara hizo karibu karibu hakukusudia moja iimeze nyingine.

Aidha, mazingira yetu si ya Illinois. Kijijini hahitajiki Sweeney. Ukichapisha kwamba katika wadi fulani mwaka jana kulikuwa na mwanamke mmoja wa miaka 34 mwenye saratani ya shingo ya kizazi, wanakijiji watamtaja kabla hujamaliza kusoma. Nimeshuhudia habari za jirani yetu zikivuja kutoka hospitali moja ambayo sitaitaja. Kabla hajaanza matibabu, wakwe walikuwa wamekwisha kuitisha kikao kuulizana ameutoa wapi ugonjwa huo. Aliacha kwenda kliniki. Hapo ndipo uvujaji wa data unapogeuka kuwa sababu ya kifo, ingawa hakuna cheti kitakachoiandika.

Nimekaa miaka kadhaa katika kamati ya maadili ya utafiti, na suala hili limetufikia mezani. Watafiti wa kigeni waliomba takwimu za saratani ya umio hadi ngazi ya kata ndogo, pamoja na mwaka wa kuzaliwa, ili wazilinganishe na maji na udongo. Mwenzetu daktari alisema, "Tukiwanyima, tutaendelea kuzika bila kujua sababu." Mwenzetu mwanasheria akajibu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwamba data ikishavuka bahari hairudi. Tungeweza kuwapa takwimu za kaunti ndogo, zilizopangwa kwa makundi ya umri ya miaka mitano, lakini kwa upana huo utafiti wao ungepoteza maana. Baada ya vikao vitatu tuliafikiana kwamba uchambuzi ufanyike hapa nchini, katika ofisi ya sajili, ukishirikisha vijana wetu, na kwamba yatakayotoka nje ni matokeo tu wala si daftari. Walilalamika kuhusu gharama, kisha wakakubali.

Kutokana na hayo, nina mapendekezo manne. Mosi, majedwali ya jumla yawe wazi kwa kila raia, mwandishi wa habari na diwani, bila barua wala kubembeleza. Pili, pawe na kiwango cha chini ambacho idadi haitachapishwa. Marekani, katika takwimu zao za taifa, huficha idadi iliyo chini ya 16, na sisi wenye vijiji vinavyojuana hatuna sababu ya kuwa wazembe zaidi. Tatu, data ya kina itolewe kwa mkataba, na matokeo yarudi kwanza kwa kaunti zilizotoa wagonjwa kabla hayajasomwa kwenye makongamano ya ng'ambo. Nne, na hili ndilo la msingi, makarani wa sajili waajiriwe na serikali kwa masharti ya kudumu, na wafundishwe kuwafikia hata manaibu chifu wanaotoa vibali vya mazishi. Anayelipa ndiye huamua kipi kihesabiwe na kwa muda gani. Mfadhili akiondoka, daftari hufungwa, na miaka isiyoandikwa haiwezi kuandikwa baadaye.

Oktoba ijayo kiongozi atapanda tena jukwaani na idadi yake. Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kumuuliza swali moja, usimuulize wagonjwa ni wangapi. Muulize ni kaunti ngapi zina sajili, na makarani wake wamelipwa na nani mwezi huu.